Darasa Lisiloguna

Wanafunzi wa kidato cha nne waliinua kalamu zao kwa pamoja. Midomo yao ikacheza kwa pamoja bila kutoa sauti, kama watu wanaosali. Kisha kalamu zikashuka tena juu ya karatasi, na chumba kikajaa mkwaruzo mwepesi wa kuandika.

Ubaoni kulikuwa na swali la urithi. Baba na mama wasio na ugonjwa wamezaa mtoto wa kwanza mwenye selimundu. Je, kuna uwezekano gani mtoto wa pili naye akawa mgonjwa? Katika ukuta wa nyuma palikuwa na kioo cha fikra, na ndani yake mistari ya kijani ilikuwa ikitambaa, mmoja kwa kila mwanafunzi. Mistari mingi ilikuwa imeanza kuelekea kosa la siku zote, lile la kusema kwamba wa kwanza amekwisha kuugua, basi watatu wanaofuata watakuwa wazima. Ghafla mistari yote ikasimama, ikajikunja, ikashika njia sahihi.

Mhandisi Elinami Mughwai alikuwa amesimama karibu na mlango. Hata baada ya miaka yote ile, bado alipenda kuona mistari ikijikunja. Kazi hiyo ilifanywa na kiulizi, na kiulizi alikibuni yeye.

Kiulizi kilikuwa kidude chembamba, mfano wa mbegu ya alizeti, kilichobandikwa nyuma ya sikio la kulia. Kilisoma mwendo wa fikra kupitia mfupa. Hakikumpa mwanafunzi jibu, kwa sababu hakikuwa na jibu lolote ndani yake. Kilichokuwa nacho ni maswali manne tu: Swali linataka nini? Ninajua nini? Njia hii inanifikisha? Nina hakika? Kila mwanafunzi aliyasikia kwa sauti yake mwenyewe, kwa kuwa Elinami aligundua mapema kwamba kijana hupuuza sauti ya mwalimu, hupuuza hata ya mzazi, lakini yake mwenyewe huisikiliza.

Katika ujana wake Elinami alikuwa akikaa na wanafunzi, akiwaomba wafikiri kwa sauti wanapotatua maswali ya biolojia, naye akiwarekodi. Aliona jambo lililomshangaza. Wengi wa waliofeli walikuwa na maarifa yaleyale ya waliofaulu. Tofauti yao ilikuwa kwamba aliyefaulu alijisimamia. Alisimama katikati ya njia akajikagua, akarudi nyuma bila kuona aibu. Aliyefeli alikwenda moja kwa moja kama gari lisilo na breki. Basi Elinami akaamua kuwatengenezea breki.

Mji wa Singida ulikuwa umebadilika tangu siku hizo. Vinu vya upepo vilizunguka juu ya kila kilima cha mawe, magari-waya yaliteleza kimya juu ya mitaa, na roboti za manispaa ziliosha vioo vya majengo alfajiri. Lakini wageni waliotoka mbali hawakuja kuona vinu. Walikuja kuona shule, mahali ambapo hakuna mtoto aliyefeli biolojia.

"Mhandisi, unawaangalia kama kuku mwenye vifaranga," alisema Mwalimu Mkumbo, mwalimu wa somo hilo, mtu mnene mwenye kupenda mzaha.

"Nawaangalia kwa mara ya mwisho, mwalimu. Kuanzia kesho watavua."

Mkumbo aliacha kucheka. Baraza la mitihani lilikuwa limetoa amri kwamba mtihani wa taifa ufanywe bila chombo chochote mwilini, na viulizi vilikuwa chombo.

"Watakuwa sawa," alisema. "Breki umewafundisha wewe mwenyewe."

"Ndivyo ninavyoamini," Elinami alijibu. Katika safu ya pili, bintiye Leokadia aliandika jibu lake, akatulia, akacheza midomo, akaandika tena. Leokadia alikuwa ndiye mtoto wa kwanza kabisa kuvaa kiulizi. Alikivaa tangu hajafikisha miaka kumi, na hakuwahi kukivua isipokuwa wakati wa kuoga.

*

Kesho yake viulizi vyote viliwekwa kwenye sinia ya bati mezani kwa mwalimu. Nyuma ya kila sikio la kulia palibaki alama ndogo ya ngozi nyeupe, laini.

Mkumbo aliandika ubaoni swali jepesi. Mbegu ya alizeti ilipandwa kwenye ndoo ya udongo uliopimwa uzito. Ikamwagiliwa maji, ikakua hadi kumpita mtu kimo. Mmea uling'olewa, ukakaushwa kabisa, ukapimwa. Udongo nao ukakaushwa, ukapimwa, ukaonekana umepungua kiasi cha kujaa kijiko tu. Je, sehemu kubwa ya uzito wa mmea ule mkavu imetoka wapi?

Kalamu zilianza mara moja. Hakuna aliyeinua kichwa. Hakuna aliyetazama dari, wala aliyetafuna kalamu, wala aliyefuta. Waliandika kama watu wanaonakili kitu walichokiona. Kabla Mkumbo hajamaliza kujifuta chaki vidoleni, walikuwa wameweka kalamu chini na kukunja mikono, nyuso zao zimetulia.

"Mmemaliza?" aliuliza Mkumbo.

"Ndiyo, mwalimu."

"Hata wewe Juvenali? Wewe ambaye kufunga kamba ya kiatu ni kazi ya asubuhi nzima?"

Hakuna aliyecheka. "Ndiyo, mwalimu," alisema Juvenali.

Elinami alipita kati ya madawati akisoma. Umetoka kwenye udongo. Umetoka kwenye udongo. Umetoka kwenye udongo. Hati zilitofautiana, lakini jibu lilikuwa moja, wakati swali lenyewe lilikuwa limewaambia kwamba udongo haukupungua ila kijiko tu. Alifika kwenye dawati la bintiye, akainama, akamwita kwa jina lake la nyumbani.

"Leo, una hakika na jibu hili?"

"Nina hakika, mama."

"Usanisinuru ni nini?"

Leokadia alieleza bila kukwama. Mmea huchukua hewa ukaa na maji, na kwa nguvu ya mwanga wa jua hutengeneza sukari, na sukari hiyo ndiyo hujenga mwili wa mmea. Alieleza vizuri kuliko kitabu.

"Sasa mwili huo umejengwa kwa nini?"

"Kwa hewa ukaa na maji."

"Na hapa umeandika nini?"

Leokadia akaitazama karatasi yake. "Udongo."

"Huoni kwamba havipatani?"

"Naona, mama. Umenionyesha."

"Lakini kabla ya kuandika, ulijiuliza?"

Msichana alimtazama mama yake kwa macho mazuri, yasiyo na wasiwasi hata kidogo.

"Nani angeniuliza?" alisema.

*

Wenzake walirudishiwa viulizi vyao kungoja siku ya mtihani, lakini Elinami hakumrudishia Leokadia chake. Alisema moyoni mwake kwamba hii ni kama ganzi ya mguu uliokaliwa. Ukiacha damu irudi, utatembea. Alimwombea ruhusa ya wiki moja shuleni, wakakaa nyumbani.

Siku za kwanza hakuona cha kumtisha. Leokadia alifagia, alipika, aliimba. Jambo la ajabu lilikuwa utulivu wake. Hakuchagua nguo, alivaa ya kwanza iliyoshikwa na mkono. Alipofika barabarani alivuka bila kugeuza shingo, na Elinami akajifunza kutembea akiwa amemshika kiwiko. Ukimwuliza kuhusu lolote kama ana hakika, jibu lilikuwa moja: "Nina hakika." Hakulisema kwa kiburi, alilisema kama mtu anayetaja jina lake.

Jumamosi mvua ilinyesha asubuhi, kisha jua likatoka. Elinami aliitwa ofisini kwa muda mfupi. Aliporudi, harufu tamu ya vitunguu na karanga ilimpokea mlangoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Unapika nini?"

"Uyoga. Nimeuokota kule nyuma ya mawe. Mwingi mno! Mwingine nimeuweka kwenye ungo."

Elinami aliusogelea ungo. Uyoga ulikuwa mzuri, mweupe, wenye kofia pana. Juu ya shina kulikuwa na pete kama sketi ndogo. Akaugeuza mmoja. Chini ya shina kulikuwa na kifuko, kama ganda la yai lililopasuka.

"Umekula?"

"Bado. Nilikuwa nakungoja wewe. Nimeshapakua."

Juu ya meza kulikuwa na sahani mbili, zinafuka moshi.

"Kaa hapa," alisema Elinami. "Nitajie sifa za uyoga wenye sumu."

"Si kila uyoga wenye sumu hufanana," Leokadia alianza, "lakini ule hatari zaidi huwa na kofia nyeupe au ya kijani hafifu, mikunjo myembamba myeupe chini yake, pete kwenye shina, na kifuko kwenye kitako. Sumu yake huharibu ini. Mtu hupata nafuu ya uongo siku ya pili, kisha hufa. Kuupika hakuondoi sumu."

"Vizuri. Huu una pete?"

"Una pete."

"Una kifuko?"

Leokadia aliushika, akautazama. "Una kifuko."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo una sumu," alisema Leokadia, kwa sauti ileile. "Tungekufa, mama." Kisha akaongeza, kama mtu anayekumbuka adabu ya mezani, "Nimwage?"

Elinami alimwaga mwenyewe. Alimwaga na sufuria yake, na sahani, na mwiko, akazika vyote uani, huku bintiye akimshikia jembe na kuimba polepole.

*

Maarifa yote yalikuwamo. Hilo ndilo lililomtesa Elinami alipokaa maabarani akisikiliza rekodi za zamani. Kichwa cha mtoto kilikuwa kama maktaba iliyopangwa vizuri, ila hapakuwa na mtu wa kwenda kuchukua kitabu. Ni nini kilichokuwa kikimtuma mtu kwenda rafuni, zamani, kabla ya kiulizi?

Alikuwa amemwomba Mwalimu Mkumbo aje wasikilize pamoja. Mkumbo alikaa kwenye kiti kilicholia chini yake. Kutoka kwenye spika ilitoka sauti ya Leokadia wa zamani, mtoto mwenye pengo, akitatua swali la kwanza kabisa la majaribio:

"Seli ya mmea haina... ina... mh! Ngoja. Mh-mh. Siyo hiyo."

Elinami aliisimamisha. Akairudisha.

"Mh!" ilisema sauti.

Akafungua rekodi ya mwaka uliofuata. Leokadia alifikiri kwa sauti safi, swali baada ya swali, bila kikwazo. Akafungua ya mwaka mwingine, na mwingine. Halafu akafungua za watoto wengine. Katika rekodi za mwanzo kila mmoja aliguna kwa namna yake: mwingine "mh," mwingine "mmh-mh," mwingine aliguna puani kama mzee aliyeuziwa kiatu kibovu. Katika zile za baadaye palikuwa kimya.

"Hawaguni," alisema Elinami.

Mkumbo alikuwa ameshika kidevu. "Mimi nilikuwa na mchezo," alisema taratibu. "Nilikuwa nikiandika kosa ubaoni makusudi. Nasema moyo una vyumba vitano. Basi nyuma huko nasikia: mmh! Hata yule asiyejua jibu anaguna. Hajui kosa ni lipi, lakini kuna kitu kimemkera. Nikisikia hivyo najua darasa liko hai." Akatikisa kichwa. "Miaka hii hawaguni tena. Nilidhani ni adabu."

Elinami alijifunika uso. Alikumbuka siku ile kana kwamba ilikuwa juzi. Kiulizi cha kwanza kilikuwa kikisumbuliwa na sauti zisizo maneno, nao mtambo wa kusoma fikra haukujua kuzifasiri. Kamusi za lugha za mbali, ambazo mtambo ulilelewa nazo, hazikuwa na mguno wetu. Akaandika amri fupi: kelele za koo zipuuzwe, swali litoke kabla hazijatokea. Mtambo ukatii. Mashaka yalipoanza tu kutikisika ndani ya mtoto, kabla hayajapanda kifuani na kugusa koo, kiulizi kilikuwa kimekwisha kuuliza kwa lugha fasaha. Mwili ukajifunza kwamba kazi ile ina mwenyewe. Ukaiacha.

"Mguno ndio uliokuwa unakuja kwanza," alisema. "Swali lilifuata baadaye. Nilihifadhi swali nikakata mzizi wake."

"Mzizi huo utaota tena?" aliuliza Mkumbo.

"Sijui, mwalimu."

Mkumbo aliguna. Wote wawili walitazamana, wakaona aibu kama watu waliokula mbele ya mwenye njaa.

*

Elinami alikwenda kwa Bwana Sembuli, mkurugenzi wa taasisi iliyotengeneza viulizi, akamweleza kila kitu. Akamwomba watoto wote wavuliwe, kidogo kidogo, kila mmoja akiwa na mtu wa kumwangalia. Sembuli alisikiliza kwa makini. Alikuwa mtu mpole, mwenye kumheshimu Elinami.

"Mama mhandisi," alisema mwishowe, "umefanya ugunduzi mkubwa. Kinachokosekana ni mguno."

"Ndiyo."

"Basi tutauweka."

"Hapana, mkurugenzi. Hujanielewa. Mguno hauwekwi. Mkiuweka ninyi, utakuwa swali la tano."

"Tutachukua ulio bora katika rekodi zako," alisema Sembuli, naye alikuwa tayari anaandika. "Baraza la mitihani nitazungumza nalo. Wakiona watoto wanaguna kama zamani, watalegeza amri. Nenda nyumbani upumzike, mama. Umechoka."

Elinami aliacha kazi siku hiyo. Akawa na kazi moja tu, kumfundisha bintiye kuguna.

Hakujua pa kuanzia. Alijaribu kumwambia uongo mezani.

"Asubuhi nimeona kuku mwenye meno, anatafuna mfupa."

"Sawa, mama."

"Alikuwa amevaa miwani."

"Ya jua?"

"Ya kusomea! Leo, kuku hana meno!"

"Hana," alikubali Leokadia. "Ana firigisi, inayosaga chakula kwa msaada wa vijiwe." Akaendelea kula.

Alimwekea chumvi kwenye chai. Leokadia alikunywa yote, akashukuru. Alimvalisha viatu vya kulia na kushoto vilivyobadilishana; alitembea navyo hadi jioni. Mkumbo alikuja mara kwa mara na moyo wake wa vyumba vitano, akauchora hata kwenye vumbi la uani, akijipiga mapaja, "Eti, binti, vitano! Na kimoja cha wageni!" Leokadia alimtazama kwa heshima na kumkaribisha maji.

Elinami alipomlaza kichwa kwenye mapaja yake kumsuka, aliona ngozi nyeupe nyuma ya sikio imeanza kupata rangi. Ndicho kitu pekee kilichobadilika.

*

Jioni moja walikuwa wakichambua mchele kibarazani. Jua lilikuwa limeshuka nyuma ya vinu, na mapanga ya vinu hivyo yalipitisha vivuli juu ya mtaa, kimoja baada ya kingine. Katika nyumba zote watoto walikuwa wamekaa madirishani wakisoma, kwa maana mtihani ulikuwa karibu. Baraza lilikuwa limelegeza amri.

"Mh," alisema mtoto wa jirani.

Elinami aliinua kichwa. Moyo wake uliruka kwa furaha.

"Mh," alisema mtoto wa nyumba ya pili, na wa nyumba ya tatu, na wa ng'ambo ya barabara. Kisha kukawa kimya, vikapita vivuli kadhaa vya mapanga, na mtaa mzima ukasema tena, kwa pumzi moja, kwa urefu mmoja:

"Mh."

Elinami alitega sikio. Aliutambua mguno ule. Haukuwa wa mtoto wa jirani, wala wa yeyote katika wale. Ulikuwa na mkwaruzo mdogo mwishoni, pale hewa ilipopita kwenye pengo la meno. Ulio bora katika rekodi zake. Ulikuwa wa Leokadia alipokuwa mdogo, na sasa ulikuwa ukitoka kwenye koo za watoto wote wa mji, isipokuwa yeye.

Leokadia alikuwa ameacha kuchambua. Alisikiliza, kichwa kimeinama upande.

"Mama, wanafanya nini?"

"Wanaguna."

"Kwa nini?"

"Wameambiwa waone mashaka."

"Mh," ulisema mtaa.

Mkono wa Leokadia ulipanda taratibu hadi nyuma ya sikio la kulia, ukapapasa pale pasipo na kitu. "Nirudishie changu," alisema. "Wenzangu wote wanacho. Na mimi nitaguna kama wao, utafurahi. Nimeona unalia jikoni."

Kiulizi kilikuwa kabatini, ndani ya kikombe. Elinami alijua kwamba akisema hapana, binti atatii. Akisema ndiyo, atatii. Kwa kuwa alikuwa amechoka, na kwa kuwa hakuwa na mzaha mwingine uliobaki, aliuliza lile swali alilomwuliza kila siku bila matumaini.

"Leo, una hakika unakitaka?"

Leokadia alifungua kinywa kulisema neno lake. Lakini halikutoka.

Vivuli vya mapanga vilipita juu ya ungo wa mchele. Mtaa ukaguna, ukanyamaza, ukaguna tena. Msichana alibaki kinywa wazi, na kati ya nyusi zake, polepole, kikatokea kikunjo kidogo ambacho mama yake hakuwa amekiona tangu siku za pengo. Elinami alishika mchele mkononi, hakupumua, hakumsaidia.